Majina Yasiyokatika

Mjukuu wangu wa kike, anayeniita Koko, yaani bibi, alikuwa anasomea mambo ya filamu, na kazi yake ya kumaliza mwaka aliifanya juu yangu. Si kwamba mimi ni mutu mukubwa. Alitaka bibi wa kueleza vile vita ilitutoa Rutshuru, tukafika Goma na watoto mgongoni, tukalala katika darasa la shule moja ya mtaa wa Majengo. Bibi wa bure alikuwa naye nyumbani.

Siku ya kwanza nilianza pale mutu anapopaswa kuanzia: nani alikuwepo. Nilitaja wanawake wote wa lile darasa, kila mmoja na baba yake, na kilima alichotoka. Wengi hawapo tena; wengine hata kaburi lao hatukuliona. Hapa sitawaandika. Mahali pao nilitaka pawe mule kwenye filamu.

Baada ya siku chache nikamkuta anafanya montaje, yaani kukata na kuunga picha kwenye mashini. Nikakaa nyuma yake. Nikajiona nafungua kinywa, halafu tap! nimeshafika kwenye habari ya maharagwe tuliyopika mule darasani.

— Wanawake wangu wamekwenda wapi?

— Nimewakata, Koko. Profesa anataka filamu fupi, na yale majina yanakula dakika.

— Yanakula? Wenyewe walilala njaa, leo ndiyo wanakula?

Akacheka, lakini kidole chake hakikucheka.

— Watu hawawajui, Koko. Watachoka.

— Njo maana ninawataja.

Sikugombana. Nilijifanya nasinzia, kumbe namwangalia anavyokata. Alikuwa ananivizia pale ninapovuta pumzi. Nikinyamaza kidogo tu, kisu kinapita. Nikasema moyoni: haya, mama, tutaona.

Bahati ikanijia. Profesa alisema sauti imejaa nyundo za seremala wa jirani, turudilie yote. Nilivaa kitenge changu cha misa, nikaanza upya, na safari hii sikuacha jina hata moja litembee peke yake. Nilisema maharagwe yalipikwa na fulani binti fulani kwenye sufuria ya fulani, aliyeibeba kichwani tangu Rutshuru akaacha viatu vyake mwenyewe. Askari alipotaka kuku wetu ni fulani binti fulani aliyemfukuza kwa mwiko wenye ugali, hata askari akaondoka analamba mkono wa koti. Mtoto aliyezaliwa chini ya ubao alipokelewa na fulani, akafungwa katika kitenge cha fulani. Kila tendo na mwenyewe, bila kupumua. Mwishoni nilikuwa naona nyota.

Mjukuu akarudi kwenye mashini. Nikamsikia anasonya.

— Koko! Nikimutoa huyu mama, mwiko unafukuza askari peke yake!

— Basi umuache.

— Na mutoto anazaliwa hakuna mutu wa kumupokea!

— Mbaya sana hiyo. Muache na yule.

— Unafanya makusudi!

— Mimi? Muzee aliyeishia darasa la pili, montaje naijulia wapi?

Akanuna mpaka saa ya chakula. Aliogopa profesa atamkatalia kazi, arudilie mwaka. Nilimwonea huruma, lakini si ya kutosha.

Siku ya kuonyesha filamu shuleni kwao nilikaa mbele. Profesa, kijana mpole mwenye miwani, alikuna kichwa.

— Ni nzuri, mademoiselle, lakini ndefu. Punguza majina.

Nikashika ukingo wa benchi. Mjukuu akasimama, wala hakunitazama.

— Nilijaribu, Profesa. Nionyeshe wewe mahali pa kukata.

Profesa akakaa kwenye mashini. Akakata, tukasikiliza: kuku amepona, aliyemponya hayupo. Wanafunzi wakapiga kelele: “Mama wa mwiko yuko wapi? Murudishe!” Akarudisha. Akajaribu pengine, wakampigia kelele tena. Mwishowe akavua miwani, naye akacheka.

— Bon, haya. Waache wote.

Nikapumua. Taa zikazimwa, ikaonyeshwa nzima, na kila jina likapita ukutani kwa sauti yangu. Hata moja halikubaki njiani.

Maandishi ya mwisho niliyasoma pole pole, herufi kwa herufi: “Anayesimulia: bibi mmoja wa Majengo.”

— Bibi mmoja? nikamnong'oneza. Na jina langu?

— Haukujitaja, Koko, akasema yule shetani mdogo. Mimi nakata na kuunga, sibuni.