Biki Zilizokataa Kurudi Ndani

Kuna siku moja ya vita ninayoikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka natafuta pa kuweka uso wangu. Nimekwisha kuwa bibi, meno yamepungua, lakini aibu ile haijazeeka. Nakueleza wewe kwa sababu umeanza kujifunza kazi, na anayejifunza kazi hujaribiwa sana kujifanya anajua.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, hapahapa Baraka, mji ukiwa mikononi mwa wanajeshi, na vijana wa msituni wakiwa huko juu kuelekea Kilembwe. Fundi Alimasi, seremala mzee, alinichukua katika atelie yake, karakana ya mbao. Nilimwambia nimefika mwaka wa tatu wa sekondari. Uongo mtupu! Niliacha darasa la tano, shule yetu ilipogeuzwa kambi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli.

Mwenzetu wa tatu aliitwa Wilondja, mwalimu aliyeteremka kwa miguu kutoka Kilembwe baada ya kijiji chake kuchomwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye Kifaransa cha kweli. Mjini walimtazama kwa jicho baya, maana siku zile kutoka Kilembwe kulitosha mtu kuitwa mpelelezi.

Mfanyabiashara mmoja alimletea Fundi, kutoka ng'ambo ya ziwa, pakiti za vipande vya biki, kalamu za wino: mirija ya shaba, ncha, vishikio vya mfukoni, na kile kipande cha kuzungusha kinachoutoa na kuurudisha ndani mrija wa wino. Sisi tulitakiwa kuzivika mwili wa mbao. Komanda wa mji akaagiza kumi za kuwapa wageni wake, na ya kwanza ajaribu mwenyewe. Fundi akachonga mbao ya libuyu kwenye mashine yake ya kukanyaga kwa mguu, nami nikapewa kuunganisha. Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kifaransa. Wilondja alinisomea huku anapiga msasa, akinigeuzia kwa Kiswahili nusunusu: "Ile ya kuzungusha, dada, unaisukuma ndani pole-pole mpaka ku *trait*."

Sikiliza hapo, mwanangu. Kwa Kifaransa mstari huitwa *trait*, na sikio lisilosoma husikia *très*, yaani sana. Kwenye shaba ya kile kipande kulikuwa na mstari mwembamba. Niliuona, nikadhani ni mkwaruzo wa kiwandani. Ningemuuliza tu, mpaka wapi, mwalimu? Lakini msichana wa sekondari atauliza vipi jambo kama hilo? Nikatikisa kichwa, nikasema "Wi, wi," nikabana kwenye chuma cha kubania, nikasukuma sana. Zote kumi.

Kwa macho zilipendeza. Ukizungusha, ncha inatoka. Ukizungusha kuirudisha, inabaki imechungulia nje. Niliona hivyo kwa macho yangu, nikajiambia zitazoea. Umewahi kusikia chuma kinazoea? Nikazipanga kwenye kisanduku, nikanyamaza.

Kesho yake mchana wakaja askari wawili. Mmoja ameshika kisanduku, mwingine ameshika shati jeupe la komanda, mfuko wake umelowa wino. Wakazimwaga biki chini.

"Nani alitengeneza izi biki? Munachezea komanda?"

Fundi alikuwa sokoni, Wilondja ameenda kuteka maji. Nilikuwa peke yangu. "Ni Wilondja," nikasema. "Yeye njo alinisomea karatasi. Alisoma mubaya." Ningeishia hapo ningekuwa mwongo tu. Nikaongeza, wala hakuna aliyeniuliza: "Iko mutu wa Kilembwe."

Wakamkamata njiani, bidoni ya maji ingali begani.

Fundi aliporudi nilimweleza nusu. Aliokota biki moja, akaifungua, akakishika kile kipande kwa pensi, koleo ndogo, aliyoizungushia kitambaa, akawa anavuta huku anazungusha, taratibu, mpaka kikatoka kizima. Akanionyesha mstari.

"Ulisukuma mpaka wapi?"

"*Très*, Papa. Sana. Njo vile alisema."

"Uyu mustari njo *trait*, mutoto wangu. Juu ya nini haukumuuliza?"

Nikalia, nikamwambia yote: shule, askari, hata lile neno la Kilembwe. Akakirudisha kipande, akakisukuma hadi mstarini tu, akazungusha. Ncha ikatoka, ikarudi ndani. Kazi ya dakika chache.

"Biki ikipita mustari, tunaivuta," akasema. "Ile neno uliitia mu kichwa ya basoda ba komanda, utaivuta na pensi gani?"

Nilipaswa kwenda mwenyewe kwa komanda. Nilifika mlangoni, nikarudi ndani. Jioni mke wa Fundi alipika bukari na ndakala, yaani ugali na dagaa, akanituma nimpelekee Wilondja kwenye kasho alimofungwa. Nilimpitishia sahani dirishani bila kumtazama.

Asubuhi Fundi alivaa koti lake la misa, akabeba biki zote kumi zikiwa zimetengenezwa, akaenda kwa komanda kusema kwamba yeye ndiye aliyekosea, mwalimu hana hatia. Wakamlaza chini, mzee yule, wakamchapa viboko mbele ya watu. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, nimejifunika kitenge hadi puani.

Wilondja akaachiliwa. Vidole vya mkono wa kulia, vile alivyoshikia chaki, vilikuwa vimevimba na viwili vimepinda. Alipita atelie kuchukua mfuko wake, maana alikuwa anavuka kwenda Kigoma.

"Aksanti sana, dada," akaniambia. "Mu kasho, ni weye njo ulinikumbuka na chakula. Mungu akubariki."

Nilifungua mdomo, mwanangu. Na kilichotoka ni: "Hakuna shida, mwalimu."

Niliipokea shukrani ile kana kwamba ni haki yangu. Hata chakula hakikuwa changu! Akavuka ziwa. Vita vilipopoa wengi walirudi, yeye hakurudi. Nimewauliza waliotoka kambi za wakimbizi za huko: mmoja alisema alimwona akiuza chumvi, mwingine alisema amekwisha kufa. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu hanitoki mgongoni.

Basi nakuusia. Neno usilolijua, uliza, hata wakikucheka, kwa sababu kicheko hakivunji mtu vidole. Kazi ikiharibika mkononi mwako, sema "ni mimi" kabla hajatafutwa mwingine. Watu wakiwa na hofu, usitaje mtu anatoka wapi. Kinywa chako kinaweza kumuua na wewe ukaenda kula. Na kosa lako usimwachie mzee alibebe kwa mgongo wake.

Mungu aibariki mikono yako, akupe na ulimi usioona haya kuuliza. Na siku utakapomkosea mtu, maana utamkosea, Mungu amweke hai, amweke karibu, mpaka upate nguvu ya kumwambia.