Omena Bila Mchanga

Leo nimebishana na mama wa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, sokoni hapa Kakamega, kisa omena yake ni safi.

Alisema imetoka kisiwani kwetu. Nikatafuna moja. Hakuna mchanga.

"Mama, hii si ya kwetu. Ya kwetu lazima ikwaruze meno."

Akaniangalia. "Wewe huendangi nyumbani, eh?"

Nikachukua nyingine, nikatafuna.

Kumbe kikundi cha akina mama wa huko kisiwani kilipata ruzuku ndogo. Wakaulizwa wanataka nini, wakasema vichanja vya kuanikia omena. Sasa haigusi chini tena. "Mvua ikikuja tunafunika tu," akasema.

Tunafunika tu.

Mimi na marehemu mama tulianika juu ya mchanga wa ufuo. Kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege. Wingu likitanda tulikimbia na mabeseni, na mara nyingi mvua ilitushinda. Omena iliyonyeshewa iliuzwa chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa.

Kwa hivyo nimefurahi, msinielewe vibaya. Nimenunua, nimerudi kwangu Shirere, nikaiosha kwa maji moto kama mama alivyonifunza. Maji yakatoka safi mara ya kwanza.

Nikaiosha tena. Mkono umezoea.

Kwenu ni kitu gani kilitengenezwa kikawa kizuri, halafu ukakikosa kile kibaya? Niambieni nisijione niko peke yangu.

Nimeila na obusuma, ugali wa huku. Tamu, kweli. Lakini nimetafuna polepole mpaka mwisho, nikitafuta ule ufuo.