Jinsi Nilivyomkamulia Askari Ng'ombe Asiye Wangu

Shule mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo ukiona nimeruka mahali, usinitafute, nitarudi mwenyewe. Nataka kueleza habari ya ng'ombe mwekundu, pembe yake moja imeinamia jicho. Yeye ndiye aliyenipeleka mahabusu, na yeye huyohuyo ndiye aliyemvua askari magwanda.

Kwanza ujue alifikaje kwangu. Mimi ni mkulima wa Bashay, nalima mahindi na maharage. Rafiki yangu ni mfugaji wa Getanuwas. Tulijuana mnadani, tulikuwa tunagombania kivuli cha lori, na lori lenyewe likaondoka likatuacha juani tunacheka. Baadaye akanipa ng'ombe nimtunzie. Kwetu na kwao hilo ni jambo la kawaida. Mwenye ng'ombe wengi anawatawanya kwa marafiki, ili ugonjwa ukiingia boma moja usimalize wote, na majirani nao wasijue ana wangapi. Wewe mtunzaji unakunywa maziwa na unachukua samadi. Ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe. Ila husemi ni wa nani, na husemi hata siku moja kwamba ni wako. Ukisema ni wako mbele ya watu, umeshaiba, hata kama bado amefungwa palepale zizini. Mtu wa namna hiyo hapewi tena ng'ombe na yeyote, wala watoto wake hawapewi.

Basi asubuhi moja akaja askari, kijana tu. Kulikuwa na ng'ombe wameibwa upande wa Gehandu, naye alikuwa anapita boma kwa boma. Shikamoo hakunipa. Nilingoja kidogo, labda iko njiani.

"Mzee, huyu ng'ombe ni wako?"

"Hapana, sio wangu."

Akashtuka. Nadhani tangu alfajiri kila mtu alimjibu ni wake.

"Wa nani?"

"Siwezi kukuambia. Ni siri ya mwenyewe."

"Kwa hiyo ni wa wizi."

"Ni wa siri, mwanangu. Wizi ni kitu kingine."

Akanipiga kofi la sikio la kushoto. Mpaka leo sikio hilo linalia kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Mvua ikikaribia linalia zaidi, na majirani wameanza kuniuliza siku ya kupanda.

Lakini nisipotee. Tukaondoka kwenda kituoni, kituo sikitaji. Mimi mbele, ng'ombe nyuma yangu, askari nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa na mimba ya kuzaa wakati wowote, akalala njiani mara mbili, na askari akasimama anamsubiri kwa adabu ambayo mimi sikuipata.

Nilikaa mahabusu siku nne. Hakuna aliyeniuliza neno wala kuandika kitu. Siku ya pili ng'ombe akazaa uani, karibu na mlingoti wa bendera. Askari akafurahi kama baba. Akaleta ndoo amkamue, akapigwa teke. Ng'ombe yule haachii maziwa mpaka umwimbie wimbo alionifundisha mke wa rafiki yangu, wa lugha yao. Maana yake siijui, nami siulizi, nisije nikakuta ninatukana.

Mlango wa mahabusu ukafunguliwa.

"Mzee, toka ukamkamue kidhibiti."

Kidhibiti ndilo jina la ng'ombe akishakamatwa. Nikatoka, nikaimba, nikakamua, nikampa ndoo.

"Rudi ndani."

Nikarudi. Asubuhi na jioni, hivyohivyo. Jioni moja alikuwa na haraka ya maziwa yake akasahau kufunga. Nikamwita, "Afande, mlango." Akaja akafunga, akasema asante. Ndiyo asante pekee niliyopata pale.

Siku ya nne akaniambia niende nyumbani, lakini kidhibiti kinabaki. Sasa nifanye nini? Ng'ombe wa mtu asipokamuliwa kiwele kinaharibika. Nikawa naamka mapema, natembea mpaka kituoni, namkamulia askari aliyenipiga, narudi shambani. Jioni tena. Mke wangu alikuwa ananiangalia tu.

"Baba nanihii," akasema siku moja, "wenzako wakitoka mahabusu hawaombi kazi hukohuko."

Nilicheka, lakini usingizi sikuwa nao. Rafiki yangu alikuwa ametuma salamu kwamba mwisho wa mwezi atakuja kumwona ng'ombe wake. Nitamwonyesha nini? Kamba?

Ndipo nikaenda ofisi ya kata. Kuna binti pale, msaidizi wa kisheria, huwa anasikiliza watu siku za mnada. Nikamweleza habari ya ng'ombe, pembe, wimbo, kila kitu. Binti akaandika mstari mmoja tu: kofi, siku nne.

"Na ng'ombe?" nikauliza.

"Babu, ng'ombe tutamfikia. Wewe mahakamani ulipelekwa lini?"

"Sikupelekwa. Nilikuwa nakamua."

Akaniambia sheria inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Askari anaweza kujibu yeye mwenyewe kwa alichofanya, na serikali iliyomvika magwanda inaweza kushtakiwa pia, ila serikali hupewa kwanza taarifa ya siku tisini.

"Siku tisini! Ndama atakuwa anakula majani."

"Basi tunaandika taarifa, na leo hii tunalalamika kwa mkubwa wake."

Mkubwa akaja kutoka wilayani, mtu mzito, akakaa kwenye benchi uani. Akafungua daftari la kituo, akapekua mbele na nyuma. Mimi simo. Ng'ombe hayumo.

"Mzee, kwa daftari hili, wewe hukuwahi kukamatwa."

"Sasa siku nne nilikuwa wapi? Hata mke wangu ameuliza."

Askari akasimama akasema ng'ombe ni wake, alimnunua mnadani. Nikamwonea huruma, maana kwetu hilo neno ndilo wizi wenyewe. Mkubwa akamtazama.

"Kama ni wako, mkamue."

Ndoo ikaruka, maziwa machache yaliyokuwamo yakaishia kwenye viatu vya mkubwa. Kisha nikaitwa mimi. Nikaimba, povu likajaa mpaka juu. Mkubwa akafunga daftari.

"Imekwisha. Mzee, sema tu ni wako umchukue."

"Sio wangu."

Binti akafunika uso.

"Neno moja tu, mzee!"

"Neno hilo ndilo sina, afande."

Hapo akatokea mtu getini, blanketi begani na fimbo mkononi. Rafiki yangu. Alikuwa amesikia, hakungoja mwisho wa mwezi. Mkubwa akamkimbilia kama mtu aliyeona mvua.

"Karibu, mzee! Huyu ng'ombe ni wako, sio?"

Rafiki yangu akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi muda mrefu.

"Sio wangu."

Hata mimi nilishangaa. Kumbe naye alikabidhiwa na mjomba wake.

"Wa nani basi?"

"Siwezi kusema."

Mkubwa akavua kofia, akajikuna. Askari akaona mwanya.

"Afande, kama ng'ombe hana mwenyewe, mimi nimemkosea nani?"

"Huyu hapa," binti akasema, akanyoosha kidole.

Nikageuka nyuma kuona nani. Ukuta. Ndipo nikaelewa kwamba ni mimi. Siku zote hizo nilihesabu ng'ombe amekosewa, rafiki amekosewa, mimi sikujiweka kwenye hesabu. Sikio likalia, na nikalisikiliza.

Mwishowe mkubwa akasema, "Mzee, mchukue na ndama wake, umtunze mpaka mwenyewe apatikane." Rafiki yangu akatikisa kichwa akaninong'onea, "Wameanza kujifunza." Tukarudi Bashay sisi wanne, ukimhesabu ndama.

Askari alishtakiwa hukohuko kwao polisi kwa nidhamu, akafukuzwa kazi. Karatasi zetu za kofi na siku nne ziko mahakamani, siku tisini zilishapita, na tarehe zinapangwa na kupangwa upya. Ninakwenda kila ninapoitwa.

Juzi askari yule alikuja nyumbani, hana magwanda, shati tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Nilikuwa nimeingoja muda mrefu.

Akazunguka zunguka na maneno, kisha akasema watoto wake walizoea maziwa ya kituoni. Akaomba, kama inawezekana, nimpe ng'ombe yule amtunze kidogo.

"Ningekupa," nikasema, "lakini sio wangu."

Safari hii aliniamini. Nikammiminia kikombe cha maziwa, akanywa akiwa amesimama upande wangu wa kulia, akiongea karibu na sikio lililo zima.