Nyumba Isiyo na Kadi

Tarehe 14 Mei 2024, jina la fundi cherehani mmoja, mshonaji wa sare za shule, liliandikwa kwa mara ya saba katika kitabu cha wageni cha hifadhi ya nyaraka ya manispaa. Kwenye safu ya shughuli aliandika neno moja tu: Bibi.

Karani wa zamu, ambaye ofisi nzima humwita Miwani ingawa miwani yenyewe huishi kichwani zaidi kuliko machoni, alimwona akiingia, akaivuta droo ya kadi kabla hajaombwa.

“Fundi, leo tena? Nikuwekee kitanda?”

“Weka na godoro kabisa. Siondoki bila bibi yangu.”

Haukuwa mzaha mtupu. Mwezi uliotangulia, tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa makaburi ya zamani: barabara inapanuliwa, makaburi yanahamishwa. Mwenye ndugu yake pale alete, kabla Mei haijaisha, karatasi ya serikali inayoonyesha udugu huo, naye atapewa nafasi katika makaburi mapya. Wasio na mwenyewe watazikwa pamoja, shimo moja, bila jina. Bibi mzaa baba wa fundi amelala pale tangu mwaka 1979. Daftari la makaburi linamtaja kama mke wa babu, basi. Na baba, mwashi mstaafu aliyezaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga wa mtaa, alijiombea cheti cha kuzaliwa ukubwani. Mahali pa jina la mama pana mstari mtupu.

Kilichobaki ni hesabu ya nyumba ya mwaka 1951. Mwaka huo makarani walipita mji mzima mlango kwa mlango, wakaandika kila nyumba na waliolala humo. Vitabu vipo, vimepangwa kwa mitaa, lakini mtu hapewi kitabu hivi hivi, maana kurasa zinavunjika kama biskuti. Kwanza hutafuta kadi ya mkuu wa nyumba. Kadi ndiyo inayotaja kitabu na ukurasa.

Fundi alikuwa ametafuta kwa jina la babu, akakosa. Akatafuta kwa jina ambalo bibi alipewa na wazazi wake, akakosa. Miwani ndiye aliyemwambia kwamba pale ambapo mume hakuwepo, karani aliandika jina alilotajiwa na majirani. Basi akatafuta Mama Kinda. Kinda ni jina la utani la baba yake tangu utotoni, na bibi aliingia kaburini akiitwa hivyo. Alipata akina Mama Kinda wawili: mmoja alikuwa na watoto tisa, wa pili alikuwa kikongwe hata wakati huo.

Siku hiyo aliipitia droo ile upya, kadi moja moja, kwa kidole kilichozoea kufuata mshono. Hakuna.

“Labda karani aliruka nyumba,” Miwani alisema kwa upole. “Naye binadamu.”

“Nguo ikikataa kukaa, mimi simlaumu mwenye mwili. Narudi kwenye vipimo. Kuna mahali nimepima vibaya.”

Aliyeujua mwaka huo kwa macho yake alikuwa amebaki mmoja: bibi mdogo, mdogo wa marehemu bibi yake, mwanamke wa miaka themanini na nane mwenye masikio mazima na ulimi mzima zaidi. Fundi alikwisha kumuuliza zamani, akajibiwa kwamba mambo ya kale yamekwenda na wenyewe. Safari hii hakuuliza akiwa mlangoni. Alikaa mkekani, akauvuta ungo wa maharage karibu, wakawa wanachambua pamoja.

“Mke mwenza, umekuja kunisaidia au kunipeleleza?”

“Yote mawili. Nimemtafuta Mama Kinda kwenye hesabu ya mwaka 1951 mpaka macho yameota sugu. Hayupo.”

“Hawezi kuwepo.”

“Kwa nini, bibi?”

Bibi mdogo alitupa kijiwe nje ya ungo.

“Bibi, mwezi ukiisha wanamtia shimoni na watu baki. Dada yako! Na wewe unajua, umekaa kimya. Mimi nitaendelea kuja hapa kila siku mpaka maharage yako yaishe.”

“Kichwa kigumu hicho umekirithi kwake.” Alishusha pumzi. “Mwaka huo Kinda alikuwa hata kukaa hajui. Nani angemwita mtu Mama Kinda? Dada yangu alikuwa Mama Tunu.”

“Tunu ndiye nani?”

“Wa kwanza. Msichana, anaongea kama kasuku. Babu yako alikuwa analala kambini, reli. Nyumba ile majirani wote waliiita kwa Mama Tunu. Mwaka haujaisha, surua ikamchukua. Dada akasema hawezi kukaa pale. Tulipohamia mtaa mpya, watu walimwona na mtoto mmoja tu mgongoni, wakamwita Mama Kinda. Akaitika. Akatukataza kumwambia mtoto.”

“Na Tunu yuko wapi?”

“Wewe si unakwenda kupalilia kaburi la bibi yako? Lile tuta dogo la mawe unaloliruka, ndiye huyo. Marehemu aliusia alazwe pembeni yake.”

Kesho yake Miwani alivuta droo nyingine, na kadi ilikuwepo: Mama Tunu, nyuma ya karakana ya reli. Kitabu kililetwa juu ya kitambaa. Mkuu wa nyumba, Mama Tunu. Mume, na jina la babu herufi kwa herufi, yuko kambini. Tunu, msichana, miaka minne. Chini yake, jina kamili la baba, mvulana, miezi saba. Fundi aliomba nakala yenye muhuri, akasimama pale pale mpaka wino ukakauka.

Jioni alimpelekea baba yake karatasi ile, akamweleza bila kuzunguka. Mzee amejigamba maisha yake yote kwamba yeye ni kifungua mimba. Hata mabishano ya barazani huyamaliza kwa hoja hiyo. Aliisoma, akaisoma tena, akiiweka mbali na macho kama anayekagua ukuta umenyooka au la.

“Kumbe nimekalia kiti cha mtu,” alisema.

“Ulikuwa hujui, baba.”

“Sasa najua. Nilikuwa na dada.” Akapangusa uso kwa kiganja. “Wewe uliomba fomu ngapi za kuhamisha kaburi?”

“Moja.”

“Haitoshi. Mama hakuusia alale peke yake.”

“Karatasi ni hiyo hiyo, baba, inawataja wote wawili. Wakinikatalia ya pili, nitakaa mlangoni kwao kama nilivyokaa kwa Miwani.”

“Tutakaa,” mzee alimsahihisha.

Jumatatu asubuhi fundi na baba yake wanakwenda ofisi ya makaburi na fomu mbili.