Ukelele Wangu Msikitini

Cheka ukitaka, lakini kwangu mimi kisa hiki ni shubiri tupu. Kazi yangu ni kukokota chumvi kwa reki kule Marereni. Ndoa yangu ilipokaribia, kifundo cha mkono wa kulia kikavimba. Daktari wa zahanati alikibonyeza, akasema kano zimeumia kwa kazi ya kurudiarudia, niache reki kwanza. Niache kazi, nioe na nini? Nikafunga kitambaa, nikaendelea kukokota.

Mzee Athmani, baba yake mchumba wangu Mwanaisha, alikuwa akijisifu Malindi nzima kwamba amepata mkwe mwenye nguvu. Basi nikamficha uvimbe huo. Kila aliponipa mkono, niliuweka wangu kifuani nikainama: "Shikamoo, mzee." Jamaa zake wakaanza kunong'ona kwamba nina maringo, tena huenda nimeghairi.

Siku ya ndoa nilivaa kanzu ya mikono mirefu. Msikitini mzee akanishika mkono kama ilivyo ada, akaukaza kwa furaha. "Nimekuoza binti yangu Mwanaisha..."

Badala ya kujibu nimekubali, nikapiga ukelele: "Niache! Sitaki!"

Sheikh akaniuliza polepole, "Humtaki binti wa watu?"

"Namtaka, sheikh! Ni mkono!"

Mzee alikwisha kuupandisha mkono wa kanzu yangu. Kitambaa kikafunguka, uvimbe ukaonekana na kila mtu.

"Kumbe umenificha ugonjwa," akasema kwa sauti ya chini. "Na mengine uliyonificha ni yapi?"

Akauachia mkono wangu, akainuka kwenda kutafuta viatu vyake.