Phelista Nasike na Mbio Fupi Alizozikosa

Saa moja kasorobo asubuhi, umande haujakauka katika uwanja huu wa shule viungani mwa Kitale. Phelista Nasike anainua mkono, filimbi inalia, na Cherop, winga wa miaka kumi na tisa, anachomoka.

Mita thelathini. Sekunde ishirini za kupumua, kisha tena. Mara sita.

"Usiangalie mimi! Angalia laini!" Nasike anapaza sauti, macho kwenye saa ya kupimia. Mbio ya kwanza imechukua sekunde 4.9, ya sita 5.4. Anaandika tarakimu hizo daftarini, polepole.

Nasike, 39, huuza mbegu na dawa za mifugo katika duka moja mjini, kwa shilingi elfu kumi na nne kwa mwezi. Jumanne jioni na Jumamosi hufundisha soka timu hii ya wasichana. Jumatano, mwenye duka akimruhusu, hushuka Bungoma kufundisha nyingine karibu na Mabanga. Huko na huku hupewa nauli na chai.

Leo si zoezi la kawaida. Mwenyekiti wa klabu ya Kitale, mfanyabiashara Thuo, amesimama kando ya uwanja ndani ya koti zito. Alimpa Nasike wiki nane athibitishe njia yake ya mazoezi, na leo ndiyo siku ya mwisho. Akishindwa, timu itakwenda kwa Kipketer, mkimbiaji mstaafu wa marathoni, na wasichana watarudi barabarani, kilomita kumi na nne kila asubuhi.

"Hapa ni Kitale, bwana," Thuo ananiambia. "Watu wa hapa wanashinda dunia mzima na barabara. Sasa huyu madam ati wakimbie hapa na hapa kama kuku?"

Ukikaa karibu na Mlima Elgon, ugonjwa huu hukupata tu. Majirani wanarudi na medali kutoka ng'ambo, basi kila kocha anaamini kila mguu ni wa marathoni, hata wa winga.

Nasike alilelewa na imani hiyo. Alizaliwa Misikhu, na akiwa na miaka ishirini alikuwa winga wa kulia ambaye mabeki walimkwepa. Siku moja klabu kutoka Nairobi ilikuja Bungoma kutafuta wachezaji. Kipindi cha kwanza aliwachezesha mabeki kindumbwendumbwe. Dakika ya sabini akatumiwa mpira mrefu, goli liko wazi.

"Pumzi nilikuwa nayo," anasema. "Ningekimbia mpaka Lwakhakha, kule mpakani. Lakini ile kuchomoka, miguu ilikataa. Beki alitoka nyuma yangu akanipita nikimuona."

Klabu ilimchukua mwingine. Nasike alirudi nyumbani na viatu begani, na hakuitwa tena.

Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema wahenga. Nasike anaijua methali hiyo ila haipendi. Miaka kumi na tisa baadaye bado anataka kujua kama kosa lilikuwa lake au la mazoezi, na hamu hiyo ndiyo inayomwamsha kabla ya jogoo.

Ndiyo maana alijaribu njia mbili za mazoezi, kila timu na yake. Wasichana wa Kitale wamekuwa wakikimbia mbio fupi za kurudiarudia. Wale wa Bungoma hawakukimbia hivyo ila siku za kupimwa. Walicheza mpira watatu kwa watatu katika kiwanja kidogo, dakika nne kwa kasi, dakika mbili za kupumzika, mizunguko minne.

Namuuliza kama ni haki kuzilinganisha, maana Kitale iko juu na hewa yake ni nyepesi.

"Silinganishi Cherop na msichana wa Bungoma," anajibu. "Nalinganisha Cherop na Cherop."

Cherop mwenyewe, mikono magotini, anasema anajisikia tofauti. "Ile ya barabara ulikuwa unafika umechoka na hata mpira hujagusa. Sasa nikipiga moja, bado naskia niko na ingine."

Msichana wa mwisho akimaliza, Nasike anafungua daftari mbele ya Thuo. Anachotazama ni pengo kati ya mbio ya kwanza na ya sita: likipungua, miguu inachelewa kuchoka. Kwa Kitale limeshuka kutoka wastani wa sekunde 1.1 hadi 0.6. Kwa Bungoma, waliopimwa Jumatano, kutoka 1.2 hadi 0.7.

"Sasa ni gani imeshinda?" Thuo anauliza.

"Hakuna. Zote zimetoa nusu sekunde."

"Si ulisema utaniambia moja?"

"Mzee, nilisema nitapima."

Nahofia amejiharibia mwenyewe. Angeweza kutaja yoyote na Thuo asingejua. Badala yake anageuza kurasa hadi mwaka jana, timu ilipokimbia barabarani miezi miwili. Mwanzo 1.1. Mwisho 1.1.

Thuo anasoma ukurasa huo mara mbili. Kipketer, aliyekuja kungoja kazi yake, anachungulia begani kwake na kuangua kicheko. "Mimi ukinipea hizo mara sita, ya tatu mtanibeba."

"Basi barabara ingoje," Thuo anasema hatimaye. "Mpaka msimu uishe."

Wasichana wanashangilia. Nasike anacheka nao, kisha anajitenga, anaketi nyuma ya goli na kujifuta macho kwa mkono wa sweta. Sijui kama ni furaha.

Msimu ujao anataka kuchanganya njia hizo mbili, na wakati wa likizo apeleke daftari kwa makocha wa Misikhu, Webuye na Lwakhakha, mmoja baada ya mwingine.

"Watasema hawana wakati," anasema. "Nitawaambia ni wiki nane tu. Wiki nane, bana. Mimi nilikuwa na miaka, na yote niliimaliza kwa barabara."