Kichwa Kisiguse Chini

Harufu ya sabuni ya kufulia ikinipitia puani, mpaka leo mabega yangu hujiandaa kuanguka. Si utani. Mlango wa pili kutoka duka la kufulia nguo pale Beechmont, kusini mwa Louisville, palikuwa na ukumbi wa jujutsu, sanaa ya kale ya Wajapani ya kupigana kwa mikono mitupu. Mama akitoka shifti ya ghalani alinichukua twende kufua, na mashine zikiwa zinazunguka nilisikia ukutani: pa, kimya, pa. Nilidhani wanapasua mbao. Nilipochungulia dirishani niliona watu wazima waliovaa nguo nyeupe wakitupana chini, wakiinuka wanacheka, wakiinamiana, halafu wakitupana tena. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania kwa wazazi Warundi, na huku Marekani nilikuwa bado mgeni. Kiingereza nilikielewa, ila kilinikwama kooni, na wenzangu shuleni waliniona bubu. Sasa hapa palikuwa na watu wanaozungumza kwa miili! Nilitaka kuingia mle ndani kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Mama alikubali, na Baba akaambiwa ni mazoezi ya viungo. Mwalimu tulimwita Sensei, mama wa Kijapani mfupi mwenye mvi, aliyeweza kurusha mwanaume mzima kama anakung'uta shuka. Kiangazi chote kile hakunifundisha kumpiga mtu. Alinifundisha kuanguka: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, pumzi itoke. Nilianguka mpaka viwiko vikawaka moto, na nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya ajabu. Tukipumzika alitusimulia habari za shule yake, yaani mtindo wa jujutsu aliorithi. Ilianza enzi za samurai, kwa sababu askari aliyepoteza upanga vitani bado alitaka kurudi kwake akiwa hai. Siku samurai walipokatazwa kubeba panga, walimu wengi walikosa wanafunzi, wakaishi kwa kuunga mifupa ya watu, maana anayejua kutegua kiungo anajua pia kukirudisha. Ukutani mbele yetu palikuwa na picha ya babu yake Sensei, mzee aliyekunja uso. Kila tulipoanza na kila tulipomaliza, tulipiga magoti tukiielekea picha hiyo na kugusa mkeka kwa paji la uso.

Mwili ukishazoea jambo haukuulizi. Jumapili moja niliingia kanisani kwetu, ukumbi wa kukodi wenye zulia na bango kubwa lenye picha ya mhubiri mgeni, nikavua viatu mlangoni, nikapiga magoti na kuinama mpaka paji likagusa zulia. Kwaya ilinyamaza. Mchungaji akamgeukia Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, akamuuliza kwa upole, "Mzee mwenzangu, huyu binti anasali wapi siku hizi?"

Kwenye basi Baba alinihoji mpaka nikamweleza yote, ukumbi na picha ya ukutani. "Dorika, hatukuzunguka na Biblia miaka yote ile ili uje kusujudia picha ya mtu."

"It's just respect, Baba."

"Sema kwa lugha ya nyumbani."

"Ni heshima tu, Baba."

"Basi Jumamosi nitakwenda mwenyewe kuiona hiyo heshima. Nisipoielewa, hurudi tena."

Jumamosi Baba alikuja na suti yake ya kanisani, akavua viatu. Sensei aliinama. Baba alimpa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika kiwiko, kama sisi Warundi tunavyomsalimu mtu wa heshima. Kisha akaelekeza kidole ukutani, nami nikawa mkalimani. "Muulize huyu ni nani, na mnamwomba nini."

Sensei alijibu kwamba ni babu yake na hakuna anayemwomba kitu. Wakati wa vita mji wao uliungua pamoja na ukumbi, babu akakimbia na familia kwa miguu mpaka kwa ndugu zake shambani, na huko akafundisha katika shamba la mpunga lililokwisha kuvunwa, wanafunzi wakiangukia mabua. "Bila yeye nisingejua chochote," alisema. "Ninamshukuru."

Baba aliitazama tena picha. "Alipokimbia, alibeba nini?"

"Watoto, na sufuria."

Baba alicheka kwa sauti. "Mwambie hata sisi tulivuka mpaka na sufuria." Halafu akawa mkali tena. "Kumshukuru mwalimu si dhambi. Lakini paji la uso linagusa chini mbele za Mungu peke yake. Hapa, kichwa chako kisiguse chini."

Niliitafsiri sentensi ile nikijua ndiyo itakayoamua. Sensei alipiga magoti, akainama polepole, akakisimamisha kichwa shubiri moja juu ya mkeka. "Hapa?" Baba naye akachuchumaa na suti yake, akapitisha kiganja chini ya paji la yule mama, akapima.

"Hapo."

Siku hiyo nilirushwa juu nikajiona naruka. Nilikuwa na furaha mpaka nikatamani kulia.

Sasa nina darasa langu la jujutsu Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus. Wazazi huwashusha watoto, hupunga mkono garini na kuwahi kazini. Siwalaumu, nazijua shifti. Ila hakuna hata mmoja aliyewahi kuvua viatu akaingia kuniuliza watoto wake wanamwinamia nani, na kuna siku namtamani mzazi mbishi. Watoto wenyewe, Wakongo, Warundi na Wamarekani, huinama wote kwa pamoja na kuishia shubiri moja juu ya mkeka. Majuzi walitutembelea wanafunzi wa shule ile ile ya Sensei kutoka Buffalo, nao wakagusa mkeka kwa paji. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike, mwenye mkanda wa kijani, alimsogelea mgeni akamrekebisha kwa adabu. "Usiguse chini," alimwambia. "Samurai hawakufanya hivyo." Nilitazama pembeni, na sikumsahihisha.